Usimwulize anaumwa nini

Cheti cha daktari kilikuwa na maneno mawili tu: "kazi nyepesi." Aliyekileta alikuwa mtunza ghala aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Mimi, mgeni kwenye idara ya rasilimali watu, nikamwambia ghalani hakuna kazi nyepesi, apumzike nyumbani mpaka apone kabisa. Nilidhani namhurumia. Kumbe nilikuwa namwonyesha mlango.

Siku hizi cheti cha namna hiyo kikija, namwandikia daktari barua. Simdai siri za mgonjwa. Namweleza kazi yenyewe. Mtu huyu husimama saa sita kati ya nane, hunyanyua maboksi ya kilo 20, hupanda ngazi, na zamu zake hubadilika kila wiki. Kisha namwuliza: asifanye lipi, kwa muda gani, na ni kitu gani kingemwezesha kufanya yaliyobaki? Daktari hajawahi kuliona ghala lenu, nanyi hamjui mgongo wa mgonjwa wake. Barua haitoki kabla mfanyakazi mwenyewe hajaisoma na kuiridhia.

Jina la ugonjwa halimo popote. Ukiacha kazi chache kama urubani, ambako afya yenyewe ni suala la usalama, mwajiri anachohitaji ni kujua mipaka. Karatasi za matibabu ziwe na faili lake, mbali na lile la ajira, na msimamizi aambiwe kinachobadilika kazini, basi. Wenzake watanung'unika, "Mbona yeye anakaa?" Wajibu kwamba mpangilio wa kazi wa mtu haujadiliwi na mwingine. Watanuna siku mbili tatu.

Kule ghalani nilikosea kwa kudhani likizo ya ugonjwa na ulemavu ni mambo mawili yasiyokutana. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unasema kutokuwapo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ule wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, unakwenda mbali zaidi: kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko ya kumwezesha kufanya kazi, kunahesabiwa kuwa ubaguzi. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya 1993 inayompa mfanyakazi anayestahili hadi wiki 12 za likizo bila malipo. Mwajiri aliyesoma sheria hiyo peke yake hudhani wiki ya 13 ni ya kuandika barua ya kuachisha kazi. Hapo ndipo sheria yao ya watu wenye ulemavu, ya 1990, inapoweza kumkamata: je, wiki chache za nyongeza, zenye tarehe ya mwisho, zisingemrudisha?

Hakuna anayetakiwa kufilisika. Mkataba wenyewe wa Umoja wa Mataifa unazungumzia marekebisho yasiyomtwisha mwajiri mzigo uliopitiliza. Tatizo ni kwamba watu hulalamikia mzigo kabla ya kupiga hesabu. Zamu ya mchana badala ya usiku inagharimu nini? Au kubadilishana jukumu moja na mwenzake? Kwangu, lililofaa kuliko yote ni kurudi taratibu, nusu siku kwa wiki mbili za kwanza, hasa kwa waliougua sonona. Hao hawana bandeji wala gongo, kwa hiyo hushukiwa kwamba wanategea.

Kila tulichokubaliana nakiandika kwenye karatasi moja, pamoja na tarehe ya kukutana tena, kwa kawaida baada ya wiki nne. Bila tarehe, msimamizi akihamishwa tu, makubaliano yanahama naye.

Yule mtunza ghala hakurudi. Nilipompigia simu miezi kadhaa baadaye, alikuwa ameajiriwa kwingine, anaingiza hesabu za mali kwenye kompyuta, ameketi. Kazi hiyo hiyo ilikuwapo kwetu pia, na aliyekuwa akiifanya alikuwa akiniomba kila mwezi nimtafutie mtu wa kumpokea.