Je, wajua kwa nini ni vigumu kuona unavyokua?

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kibandani kwangu hapa Nakuru na sare ya shule ya bintiye. "Fundi, nishushie pindo, imemfika juu ya magoti." Yeye mwenyewe hakuwa ameona mtoto akirefuka. Nyanya wa mtoto, aliyekuja kutoka Kisumu baada ya mwaka mzima, ndiye aliyeshtuka pale mlangoni.

Sare hiyo niliishona mimi, miaka miwili iliyopita, nikiwa bado najifunza cherehani. Nilipoigeuza nje ndani nilinyamaza. Mshono unapinda kama njia ya ng'ombe, kola imepanda upande mmoja. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimelalamika nyumbani kwamba sijasonga hata hatua.

Mtu husogea vipi mbali hivyo bila kujua?

Katika karne ya 19, mwanasayansi Mjerumani Ernst Heinrich Weber alipima jinsi watu wanavyohisi uzito. Aliona kwamba hatuhisi kiasi kilichoongezwa peke yake. Tunakihisi kwa kukilinganisha na kile tulichokuwa tumebeba tayari. Shika kilo moja ya sukari, uongezewe robo: mkono unajua mara moja. Beba gunia la mahindi la kilo 90, mtu atie robo hiyohiyo, utaendelea na safari yako. Weber alikuwa akichunguza hisi za mwili, si ufundi, lakini mimi naona jambo ni lilelile. Siku niliyoweza kutia uzi kwenye mashine bila kuelekezwa, nilifurahi hadi usiku. Wiki hii nimeweza kutia zipu isiyoonekana, kazi ngumu mara kumi zaidi, na sikusimama hata kujipongeza. Gunia lilikuwa limeshajaa.

Ziwa letu lilitufundisha hivyohivyo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yalipanda polepole, na sisi tunaoishi karibu hatukuwa na siku moja ya kusema "leo limepanda". Tulikuja kuona lango kuu la mbuga limezama na migunga imekauka ikiwa imesimama majini.

Kumbukumbu nayo huipaka jana rangi ya leo. Kabla ya sare ile kurudi, ningeapa kwamba mishono yangu ilikuwa imenyooka tangu mwanzo. Isitoshe, jicho hutangulia mkono: kadiri unavyojifunza ndivyo unavyoona makosa ambayo zamani hukuyajua, ukadhani umerudi nyuma.

Kuna utafiti wa Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson uliochapishwa 2013, uliohusisha watu zaidi ya 19,000 wa umri wa miaka 18 hadi 68. Vijana kwa wazee walikiri kwamba wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita, ila walitarajia mabadiliko madogo tu katika 10 ijayo. Kila mmoja alijiona kama amekwisha kufika.

Pindo nililishusha. Kola niliibadilisha bila malipo, maana ilinikera. Ile ya zamani nimeibana kwa pini ukutani, juu ya cherehani, na nimeandika mwaka wake kwa chaki.