Sipsela: tunda dogo linalopanga upya maua ya Australia

Ukila mbegu za alizeti ukatema ganda, ulichotema si ganda la mbegu. Ni ukuta wa tunda. Mbegu yenyewe ndiyo uliyoimeza. Tunda la namna hiyo, kavu, lisilopasuka lenyewe na lenye mbegu moja tu ndani, wataalamu huliita sipsela. Ndilo tunda la familia nzima ya alizeti, Asteraceae, yenye spishi zaidi ya 20,000 duniani. Kishona nguo kinachonasa kwenye suruali ukipita vichakani ni sipsela pia. Zile ncha zake zinazong'ang'ania kitambaa huitwa papusi, nazo zimekaa pale ambapo maua ya mimea mingine huwa na sepali (vijani vinavyolizunguka ua kwa nje). Katika spishi nyingine papusi ni nywele za kupeperushwa na upepo au magamba madogo, na kuna ambazo hazina papusi kabisa.

Jambo jingine la kuweka sawa: tunachokiita ua katika familia hii ni kichwa chenye maua mengi madogo yaliyosongamana, na kila ua dogo lenye uwezo wa kuzaa hutoa sipsela yake.

Australia ina utajiri mkubwa wa mimea hii, hasa yale maua yanayouzwa yakiwa makavu, ambayo vijani vinavyozunguka kichwa chake hubaki na rangi hata baada ya kukatwa. Kwa muda mrefu spishi nyingi za aina hiyo ziliwekwa katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) mbili: Helichrysum na Helipterum. Kigezo kikuu kilikuwa papusi. Nywele zikiwa nyuzi za kawaida, mmea uliwekwa Helichrysum. Zikiwa na vitawi pembeni kama unyoya wa ndege, Helipterum. Ni kigezo chepesi kutumia, lakini kwa maoni yangu kilibebeshwa mzigo kisichoweza kuubeba. Nywele za kupeperukia zinaweza kubadilika kwa namna ileile katika koo mbalimbali zisizo na undugu wa karibu, na hivyo ndivyo ilivyotokea. Mimea ya Australia na ya Afrika Kusini ilijikuta katika jenasi moja kwa sababu ya unyoya tu.

Ndiyo maana watu wakaamua kulikata tunda lenyewe. Sipsela hulainishwa, hukatwa kwa wembe vipande vyembamba mno, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Kwa nje kabisa kuna tabaka moja la seli, na juu yake, katika spishi nyingi, vinywele ambavyo kila kimoja ni seli mbili ndefu zilizolala pamoja ubavu kwa ubavu. Vinaweza kuwa vifupi na butu, au virefu na laini kama hariri, au visiwepo. Ndani ya ukuta hupita mishipa ya kusafirisha maji na chakula, na idadi yake huhesabika vizuri kwenye kipande kilichokatwa. Halafu lipo ganda la mbegu, na katikati kiinitete (mmea mchanga ulio ndani ya mbegu) kilichonyooka, kilichojaza karibu nafasi yote. Chini ya tunda kuna kovu lililobaki pale lilipoachana na kichwa cha ua. Umbo la seli za hapo nalo huandikwa.

Kinachonivutia zaidi ni fuwele. Katika kabila la Inuleae (kabila hapa ni ngazi iliyo kati ya familia na jenasi) seli za tabaka la nje la tunda huwa na fuwele kubwa ndefu ya oksaleti ya kalisi. Maua makavu ya Australia, ambayo zamani yalihesabiwa humohumo, hayana fuwele hiyo, na kwa kawaida ukuta wa tunda lao una mishipa miwili tu. Mwaka 1989 Philip Short na wenzake walichapisha uchunguzi wa anatomia ya matunda ya Inuleae wa Australia. Mwaka huohuo Arne Anderberg wa Sweden, akitumia sifa nyingi zikiwemo hizi za tunda, aliligawa kabila hilo la zamani katika makabila matatu: Inuleae halisi, Plucheeae na Gnaphalieae. Maua makavu yakaangukia Gnaphalieae. Uchunguzi wa DNA uliofuata ulionyesha kwamba Gnaphalieae wako karibu zaidi na kabila la Astereae kuliko Inuleae waliokaa nao jina moja miaka mingi.

Helipterum nayo ikavunjwa. Paul Wilson, mtaalamu wa hebaria (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) ya Australia Magharibi mjini Perth, alizifufua jenasi za Hyalosperma mwaka 1989 na Rhodanthe mwaka 1992. Ua kavu maarufu la dhahabu, lililokuwa Helichrysum bracteatum, leo ni Xerochrysum bracteatum. Sipsela yake ni nyororo, haina manyoya, wakati zile za Rhodanthe kwa kawaida zimefunikwa na nywele za hariri.

Nje ya maua makavu, mfano ulio wazi kuliko yote ni Brachyscome, jenasi ambayo mtaalamu wa mimea Gwenda Davis aliipitia upya mwaka 1948. Vichwa vyake hufanana sana: maua madogo ya pembeni yanayofanana na petali, meupe, ya waridi au zambarau, yakizunguka kitovu, mara nyingi cha njano. Tofauti huonekana tunda likiiva. Sipsela nyingi ni bapa, baadhi zina mabawa pembeni na nyingine hazina. Bawa laweza kuwa zima au limechanika ukingoni, uso wa tunda ukawa laini au na vinundu, na papusi mara nyingi ni fupi mno hata unahitaji lenzi kuiona. Kwa hiyo anayekusanya Brachyscome porini hatosheki na tawi lenye maua yaliyochanua. Hutafuta pia kichwa kilichokomaa kwenye mmea uleule, kwa sababu sampuli isiyo na tunda lililoiva mara nyingi hubaki hebaria ikiwa na jina la jenasi pekee.