Si kila chuma chakavu hufaa kuwa kisu

Wateja wanaoniletea kipande cha nondo na kuniomba niwafulie kisu cha jikoni huniambia maneno yaleyale: "Kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kichovye majini, kitakuwa kigumu." Dhana hii hunichosha kuliko zote, kwa sababu anayeishikilia hulipia kisu ambacho makali yake yatajikunja kwenye mfupa wa kwanza, kisha lawama humwangukia fundi.

Maji hayatii ugumu ndani ya chuma. Kazi yake ni kukipoza ghafla, na kupozwa ghafla hukaza chuma kile tu ambacho tayari kina kaboni ya kutosha. Nondo za kawaida za ujenzi huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.2 hadi 0.3, na misumari mingi huwa na kidogo zaidi. Hata ukivichovya mchana kutwa havitashika makali ya kudumu. Springi bapa za magari huwa na asilimia 0.6 hivi, na tupa nzuri hufikia asilimia 1 au kupita, ndiyo maana visu, patasi na mashoka hufuliwa kutokana na vyuma vya namna hiyo. Nondo ina kazi zake, tena ni nyingi: kulabu za kutundikia sufuria, koleo za makaa, komeo, vishikio vya milango, yaani vitu vinavyohitaji chuma cha kupinda bila kukatika.

Asiyeamini akate kipande cha urefu wa kidole, akipashe mpaka sumaku isikivute tena, ambapo joto huwa limepita kidogo nyuzi 770 za Selsiasi, akitumbukize majini, kisha akibane kwenye jiliwa, avae miwani ya kinga na kukipiga nyundo. Kikivunjika kama kigae, kaboni ipo, kikipinda, haitoshi. Jaribio hili ni la dakika chache, nami hulifanya kwa kila chuma nisichokijua asili yake, hata kama aliyekileta ameapa kuwa ni springi.

Wapo wanaolielewa hilo lakini wakadhani kwamba chuma kikishakaza kazi imekwisha. Kisu kilichotoka tu kuchovywa kinaweza kupasuka kwa kuanguka sakafuni. Ni lazima kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae, kisha kipashwe tena kwa moto mdogo wa nyuzi 200 hadi 250, mpaka mahali palipong'arishwa pageuke rangi ya majani makavu. Kikifika buluu kimelegea mno kwa kisu. Vilevile nasisitiza kwamba springi ichovywe kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo, kwa kuwa maji huipoza kwa kasi inayoweza kuitia nyufa.

Kuna wanaotupa chuma kwa sababu ya kutu. Kisugue kwa brashi ya waya kwanza: ikiwa kutu ni ya juujuu na unene umebaki, chuma ni kizima. Wengine, wakishasikia habari za kaboni, huniletea vipande vya injini vya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambacho kaboni yake hupita asilimia 2. Hicho hakifuliki, hata kikiwa chekundu hupasuka chini ya nyundo.

Dhana ya mwisho ni ya hatari, kwamba moto husafisha kila kitu. Zinki iliyopakwa kwenye mabati na mabomba huchemka kwenye nyuzi 907, joto linalofikiwa kwa urahisi katika tanuri la mhunzi, na anayevuta moshi wake mweupe huweza kupatwa na homa na kutetemeka saa chache baadaye. Iondoe kwanza kwa kuloweka chuma kwenye siki, mahali penye hewa, mpaka mapovu yakome. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo chuma chenye rangi nisiyoijua sikichomi wala sikisagi, na hakifai kabisa kutengenezea kijiko au karai la kukaangia. Shokomzoba na mitungi iliyozibwa hubana mafuta au gesi ndani, na ikitiwa motoni hulipuka. Kwangu haipokelewi, hata mteja akidai kwamba ni mitupu.