Kupiga kelele "stabodi" hakukupi bwawa

Jumamosi nimeulizwa tena. "Ami, mi si nilikuwa stabodi?" Yaani, si yeye ndo alikuwa wa kupishwa? Sijui ni mara ya ngapi sasa, ila hii ndo imenifikisha hapa, saa tano usiku, naandika badala ya kulala.

Kisa chenyewe kifupi. Tunashindanisha IOM, zile boti za matanga za rimoti, za mita moja, kwenye bwawa la klabu huku kaskazini mwa Uingereza. Kijana mmoja wa kwetu, mtoto wa Mombasa, kanunua boti ya mtumba mwezi uliopita na kwa kweli upepo anaujua, anabisha (kwenda dhidi ya upepo kwa zigizaga) vizuri kuliko nusu ya klabu, inaonekana kabisa kakulia baharini. Legi ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha njia, wote wanabisha kuelekea boya la juu, kule upepo unakotoka, yeye stabodi (upepo unamwingilia kulia), mbele yake inakuja boti ya mzee mmoja iko poti (upepo unaiingilia kushoto). Mzee akaona mapema, akashusha omo kidogo, yaani akaipeleka pua ya boti mbali na upepo, ili apite nyuma ya tezi (mkia wa boti) ya kijana. Kitu safi kabisa. Kijana naye akashusha. Mzee akazidi kushusha, kijana akamfuata hukohuko anapiga kelele stabodi! stabodi! stabodi! mpaka omo yake ikaenda kugonga ubavu wa mwenzie, palepale unapofungwa waya wa mlingoti. Mpira wa omo ulifanya kazi yake, boti haikutoboka, ila kile kindoano cha waya kikachomoka, mlingoti ukalala, tanga likalala majini na boti ikaanza kusukumwa taratibu kwenda kwenye matete ya ng'ambo. Mzee kakaa kimya na rimoti mkononi. Kijana akanigeukia mimi, maana siku hiyo nilikuwa nasimamia mbio, na ndo swali likatoka.

Haya. Stabodi na poti wote tunajua, upepo ukiingilia kulia na bumu, ule mti wa chini wa tanga, liko kushoto we ni stabodi, na kanuni ya 10 ya kitabu cha kanuni za mbio za matanga inasema wa poti ampishe wa stabodi. Hapo ndo watu wanafunga kitabu. Nawaomba msikifunge! Someni ile kanuni polepole: inamwagiza wa poti tu. Wewe wa stabodi haijakuambia lolote, na waliokuambia ni 14, 15 na 16, ambazo ziko ukurasa wa jirani na watu wanaziruka kama vile ni maelezo ya dhamana ya friji.

Kumpisha mtu, kwa tafsiri ya kitabu, ni kumwacha aende njia yake bila kulazimika kukwepa. Basi. Sasa kama njia yako yenyewe unaibadilisha kila nusu sekunde, huyo wa poti atampisha nani? Ndo maana kanuni ya 16 ikaja: mwenye haki akibadili mwelekeo lazima ampe mwenzie nafasi ya kuendelea kumpisha. Halafu kuna kipande cha pili cha 16 kimeandikwa kama vile aliyekiandika alikuwa kwetu Jumamosi: mkiwa mnabisha, wa poti anapita chini yako ili akupishe, we wa stabodi usishushe omo kiasi kwamba inambidi abadili njia papo hapo. Imeandikwa. Kumwinda mtu kwenye legi ya bisho hairuhusiwi.

Na tufanye hesabu kidogo maana watu wanadhani mita ni nyingi. IOM upepo ukiwa mzuri inaenda kama mita moja na robo kwa sekunde. Boti mbili zinazobisha zinakutana kwa pembe ya karibu nyuzi 90, kwa hiyo nafasi kati yao inaliwa kwa zaidi ya mita moja na nusu kila sekunde. Mkiwa mita tano mnazo sekunde tatu. Ndani ya hizo tatu mwenzio aone, aamue, kidole kisukume, servo (mota ndogo ndani ya boti) izungushe usukani, boti ianze kuitikia. Ukimbadilishia njia kwenye sekunde ya pili umemnyima kila kitu, na kelele zako za stabodi hazimrudishii hata robo yake.

Kosa la jirani, naliona kila wiki: mtu yuko poti, anabisha, yaani anageuza kwa kupitisha omo kwenye upepo, mbele ya pua ya mwenzie, tanga bado linapepesuka, tayari anapiga kelele stabodi. Hapana jamani. Tangu omo ivuke jicho la upepo (pale hasa upepo unapotokea) mpaka utulie kwenye njia yako ya kubisha huna haki yoyote, we ndo unapisha (kanuni ya 13), na ukishatulia ukawa na haki, haki umeipata kwa kitendo chako mwenyewe kwa hiyo mwanzoni mpe mwenzio nafasi ya kukwepa (15). Ukibisha nusu mita mbele ya mtu akakugonga tezi, kosa ni lako.

Upande wa pili pia upo, wa stabodi asiyeguswa ila ana malalamiko. Poti kapita mbele, nafasi ipo, stabodi hajagusa usukani, halafu anataka protesti (malalamiko rasmi) kwa sababu "alikuja karibu". World Sailing, shirikisho la matanga duniani, wana kesi zao za kufundishia na Kesi ya 50 imemaliza hili: kama wa stabodi hakubadili njia, na hapakuwa na hofu ya kweli na yenye sababu kwamba watagongana, protesti itupwe. Lakini ukikwepa kwa sababu hofu yako ilikuwa ya kweli na ya mtu mwenye akili zake, basi poti kavunja 10 hata kama baadaye itaonekana angepita kwa shibiri. Hapo kwenye neno hofu ndo ubishi wote wa klabu yetu unapoishi na mi naona ni sawa uishi hapo, maana ni mambo ya watu kuangaliana usoni, huwezi kuyapima kwa rula.

Kuhusu kelele zenyewe. Hakuna kanuni inayokutaka useme stabodi, na hakuna inayokuongezea haki ukisema. Ni adabu tu, kumsaidia mwenzio ambaye labda anaangalia boti nyingine, mara moja inatosha. Kelele zinazohesabika zipo kwingine, nyingi ziko kiambatisho E, kile cha boti za rimoti, na watu hawakisomi. Ukitaka kuprotesti unataja namba yako, neno protesti, halafu namba yake, na namba zinatajwa tarakimu mojamoja, yaani 47 ni "nne saba", husemi arobaini na saba, kwa sababu kwenye upepo ukingoni kuna watu kumi na wengine wana miaka themanini. Na mwangalizi akipiga kelele kwamba boti mbili zimegusana, kazi yake imeishia hapo. Hajasema nani mkosaji. Kila mara mwangalizi akitaja namba kuna mtu anamgeukia amuulize "kwa nini mimi?" Hajakuhukumu ndugu yangu, katangaza mguso, sasa amueni wenyewe nani apige mzunguko.

Adhabu kwetu ni mzunguko mmoja, bisha moja (omo ipite kwenye upepo) na geuza moja (tezi ipite kwenye upepo), na kama bado umefaidika sana na kosa lako unaongeza mwingine. Ila ukisababisha boti ya mwenzio ishindwe kuendelea na itoke kwenye mbio, mzunguko hautoshi, na wewe unatoka. Kwa hiyo jibu la swali la Jumamosi ni hili: ndiyo, ulikuwa stabodi, na ulitakiwa utoke kwenye mbio ile. Nilimwambia hivyo palepale. Akanyamaza kidogo halafu akaja na ya pili, kwamba rimoti ilikwama, betri ilikuwa chini.

Hii nayo nimeichoka. Chombo ni sehemu ya kanuni. Ukipoteza mawasiliano na boti yako unatakiwa upige kelele mara moja, urudie, namba yako na kwamba huiendeshi tena, na hapohapo umetoka kwenye mbio. Huwezi kukumbuka dakika tano baada ya kugonga. Betri ya siku ya mashindano inachajiwa usiku na kupimwa asubuhi, unabeba ya akiba, unaangalia skrubu ya mkono wa usukani, unaenda mwisho wa ukingo kujaribu umbali. Antena ya risiva iwe juu ya mstari wa maji, mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti majini, boti ikilala kwa upepo na antena iko chini sakafuni unaomba matatizo. Bahati nzuri kaboni imepigwa marufuku kwenye bodi (ganda la boti) ya IOM kwa hiyo bodi yenyewe haizibi mawimbi. Wenzetu wa Marblehead, aina nyingine ya boti za rimoti, wenye bodi za kaboni wanaitoa antena nje. Na winchi (mota ya kuvuta kamba za matanga) ukiipangia ivute kupita mwisho wa kamba itanguruma palepale inakula betri mpaka umalize mbio, hiyo ndo sababu ya nusu ya hizo betri "zilizokuwa chini".

Vipimo vingine navipitisha haraka kwa sababu mzani haubishani na mtu: boti kavu isipungue gramu 4000, urefu usizidi milimita 1000, kina kisizidi milimita 420, mkuku na risasi yake kati ya gramu 2200 na 2500, usukani usizidi gramu 75, na rigi (seti ya mlingoti na matanga) ni tatu, unachagua kwa upepo wa siku. Boti ya mtumba ipime tena, usiamini karatasi ya mwenye nayo wa zamani. Ile ya kijana tumeipima, iko sawa.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye mafunzo ya kanuni halisemwi vya kutosha. Mengi ya haya hatuyaoni. Nimekuwa nikisimamia mbio miaka kadhaa na kuna protesti nimesikiliza nikaamua na mpaka leo sina uhakika. Boya la juu liko mita sitini kutoka tuliposimama, boti ni mita moja, na mnataka nijue kama omo ya huyu ilikuwa imepandana na tezi ya yule, yaani imeshaipita usawa wake, zilipoingia kwenye zoni, lile eneo la kuzunguka boya. Zoni yenyewe kwetu ni urefu wa boti nne, wenye boti kubwa wana tatu, na hakuna mstari majini.

Jioni moja mimi na mwenzangu tulijaribu. Tulifunga boti mbili kwa kamba mbele na nyuma zisicheze, moja mbele ya nyingine, kati yake maji wazi ya kama shibiri moja. Mi nikasimama huku, yeye hatua ishirini kulia kwangu, kila mmoja aandike anachoona bila kuambiana. Mi niliandika zimepandana. Yeye akaandika hazijapandana, na ndo ulikuwa ukweli. Na hizo boti zilikuwa zimefungwa! Tangu siku hiyo mtu akija kwenye kikao akaniambia "niliona wazi kabisa" namuuliza kwanza miguu yake ilikuwa wapi.

Kitabu kina dawa kidogo, kinasema kukiwa na shaka ya maana kama boti iliwahi kupandana au kuachana kwa wakati, ichukuliwe kwamba haikufanya hivyo, yaani rudi kwenye hali ya mwisho ambayo mlikuwa na uhakika nayo. Inasaidia. Ila kwenye poti na stabodi katikati ya bwawa hakuna dawa kama hiyo, pale ni macho ya watu wawili waliosimama pembe mbili tofauti, na kila mmoja anasema kweli.

Ndo maana nakasirika na makelele. Boti kubwa ukimshushia mtu omo unamuona usoni, unaisikia mbao ikigonga. Sisi tuko ukingoni na viatu vikavu, hatuoni vizuri, kitu pekee kinachofanya mbio ziwezekane ni kwamba mwenye haki anashika njia yake imenyooka ili mwenzie aweze kumsoma kutoka mbali. Ukiwa stabodi, nyooka. Hiyo ndo zawadi unayompa wa poti, na ukimpa atakupisha vizuri hata bila wewe kufungua mdomo.

Kijana alimtengenezea mzee waya mpya siku ileile, alikaa naye kwenye benchi saa nzima na koleo. Jana Jumapili nikampa kazi ya uangalizi asubuhi nzima, nikamwambia asitamke neno isipokuwa boti ziguse boya au zigusane. Mbio ya nne nilikuwa nashindana mwenyewe, niko stabodi, poti anapita mbele yangu kwa nafasi ndogo sana, upepo ukanipa kidogo, yaani ukageuka kwa faida yangu, nikapandisha omo kuufuata, vidole tu, sikufikiria, na nikasikia sauti yake nyuma yangu, "nne saba, tatu moja, zimegusana! nne saba, tatu moja!"

Nne saba ni mimi. Kama poti angepita bila ule mpandisho wangu sijui, na nilivyokuwa nimesimama nisingeweza kujua. Nikapiga mzunguko wangu, na tatu moja naye akapiga wake, hatukuulizana.