Nguvu za kimakanika na usambaaji wa saratani ya ubongo

Nguvu za kimakanika, kwa maana inayotumika hapa, ni kule kusukumwa, kubanwa na kuvutwa ambako seli hukutana nako ndani ya tishu, pamoja na ulaini au ugumu wa tishu yenyewe. Maelezo mengi ya saratani huishia kwenye jeni na kemikali. Si makosa, lakini hayatoshi kueleza namna glioblastoma, uvimbe hatari unaowapata zaidi watu wazima miongoni mwa saratani zinazoanzia ubongoni, unavyojipenyeza mbali ndani ya ubongo ilhali ni nadra kufika viungo vingine.

Ubongo ni laini mno, nao umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka, ambamo shinikizo la kawaida la mtu mzima aliyelala ni takriban milimita 7 hadi 15 za zebaki. Uvimbe unapokua, na mishipa yake ya damu ikavujisha maji, shinikizo hupanda, na mgonjwa huweza kuamka na maumivu makali ya kichwa na kutapika, dalili ambazo kwetu Uganda mtu huzidhania kwanza kuwa malaria. Maji hayohayo hutiririka kutoka kwenye uvimbe kuelekea tishu za pembeni, na mtiririko wake unaweza kuzichochea seli kuhama.

Njia ya kuhamia, hata hivyo, ni nyembamba. Nafasi zilizo baina ya seli za ubongo ni za makumi ya nanomita tu, ilhali kiini cha seli, ambacho ndicho sehemu yake ngumu zaidi, kina upana wa maikromita kadhaa, na maikromita moja ni nanomita elfu. Aliyewahi kutazama boda boda yenye mikungu miwili ya matoke ikipenya foleni za Kampala anajua kwamba pikipiki hupita popote. Kinachokwama ni mzigo. Seli hutanguliza mkono mwembamba, hushika mbele, kisha protini iitwayo miosini hujikaza na kukisukuma kiini, ambacho, tofauti na mkungu, huminyika hadi kikapita. Ndiyo sababu seli hizi hupendelea kandokando ya mishipa ya damu na nyuzi za neva za tishu nyeupe, njia ambazo mtafiti wa uvimbe wa ubongo Hans Joachim Scherer alizieleza tangu miaka ya 1930.

Seli haisukumwi tu, inahisi pia. Piezo1, mlango wa protini uliotangazwa mwaka 2010 na kundi la mwanasayansi Ardem Patapoutian, hufunguka utando wa seli unapovutwa na kuingiza kalsiamu. Katika glioma, jamii ya uvimbe wa ubongo ambamo glioblastoma imo, ishara hiyo huchochea ukuaji na kuikaza tishu, nayo tishu iliyokazana huizidisha ishara.

Mwaka 1928 daktari Walter Dandy wa Marekani alieleza jinsi alivyoondoa nusu nzima ya kulia ya ubongo wa wagonjwa wa glioma, na bado saratani haikuisha, kwa kuwa kisu hukata pale uvimbe unapoonekana, wakati seli zilizokwisha kupenya huwa zimeuvuka mpaka huo zamani.