Mmoja akirusha jiwe, maandamano yote yanakuwa uhalifu?

Hii kauli imekaa vichwani mwa watu miaka mingi, eti mmoja akirusha jiwe basi wote mliokuwepo barabarani ni wahalifu. Sio kweli jamani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 21, unalinda mikusanyiko ya amani, na mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikafafanua kwamba wengine hawabebeshwi fujo za wachache, yaani kosa ni la aliyerusha, wewe uliyeshika bango lako pembeni haki yako iko palepale. Mkusanyiko wenyewe unapoteza ulinzi pale fujo zikishasambaa na kuwa kubwa.

Sasa vurugu ni nini, maana hapa ndo watu wanachanganya: ni kutumia nguvu kwa namna inayoweza kuumiza, kuua au kuharibu mali vibaya. Kusukumana tu au kusimamisha magari (najua inakera ukiwa na haraka) hakufiki huko.

Ila usijidanganye upande wa pili. Ukichoma duka la mtu bango halikusaidii kitu. Na anayechochea watu wapige naye yumo hata kama hajagusa jiwe, ingawa Marekani, kwenye kesi ya 1969 ya Brandenburg, mtu aliyeshtakiwa kwa hotuba yake, Mahakama ya Juu ilisema maneno makali peke yake hayatoshi, lazima yalenge uvunjaji sheria wa papo hapo na yaelekee kuuleta kweli.