Hakuna mfalme aliyeitwa Ming

Mara ya tatu mwezi huu nasikia kwamba "Mfalme Ming" ndiye aliyemtuma Zheng He, amiri wa meli za China, na majahazi yake hadi Malindi. Safari hii msemaji alikuwa kijana mmoja anayetembeza wageni, mchangamfu, anayejua kusimulia. Sikutaka kumkata kauli mbele ya wageni wake, basi nayasema hapa.

Nasaba, katika historia ya China, ni mfululizo wa watawala wanaorithiana, kwa kawaida wa damu moja, tangu mwasisi hadi wa mwisho kuangushwa. Hapo hatugombani. Tunagombana kwenye jina. Ming si mtu, na si ukoo pia. Ukoo uliotawala kwa jina hilo, kuanzia 1368 hadi 1644, ni wa Zhu. Watawala wa Han walikuwa akina Liu, wa Tang akina Li, wa Song akina Zhao. Ming, Han na Tang ni majina ya dola, na dola ilipewa jina na mwasisi wake. Liu Bang alikuwa ameshafanywa mfalme wa Han kabla ya kuitwaa China nzima, akabaki na jina hilo. Kublai Khan, Mmongolia, mwaka 1271 alichukua neno Yuan kutoka kitabu cha kale cha Wachina. Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima maskini, alichagua Ming, yaani "-angavu".

Anayebisha na amtazame Wu Zetian. Mjane huyu wa akina Li alijitawaza mwaka 690, akaliweka kando jina la Tang na kuiita dola yake Zhou. Alipoondolewa mwaka 705, Tang ikarudi.

Nadhani linalotuponza ni neno letu wenyewe. Nasaba tumeitoa kwenye Kiarabu, na maana yake ni kizazi cha mtu: baba, babu, na waliotangulia. Tena huku pwani watawala tuliwajua kwa koo zao, Wanabahani wa Pate, Mabusaidi wa Unguja, kwa hiyo sikio likisikia "nasaba ya Ming" linamtafuta mzee Ming. Wachina wao husema chaodai. Dai ni kizazi au zama. Chao ni baraza la mtawala, na herufi yake ndiyo ileile inayosomwa kwa sauti nyingine ikimaanisha asubuhi, kwani barazani watu walikuwa wakihudhuria mapema. Mkazo uko kwenye kiti. Damu ya anayekikalia haitajwi.

Kinachonikera ni kwamba neno zuri zaidi tunalo. Dola! Nalo ni la Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kuzunguka na kupokezana, uleule uliomo katika aya ya Kurani, sura ya Aal Imran, kuhusu siku zinazozungushwa baina ya watu. Dola kwa asili yake ni zamu. Leo ushike wewe, kesho ashike mwingine. Sijui neno linalowafaa Han, Tang na Ming kuliko hilo, lakini vitabu vyetu vimeng'ang'ania nasaba na mimi sitashinda vita hiyo.

Basi nani alimtuma Zheng He? Zhu Di, mwana wa Zhu Yuanzhang, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Wengi wanamjua kama Yongle, na hilo nalo si jina lake. Ni jina la kipindi cha utawala wake, lenye maana ya "furaha ya kudumu", na miaka ilihesabiwa kwalo: mwaka wa kwanza wa Yongle, wa pili, na kuendelea. Sarafu iliyochimbuliwa kisiwani Manda, Lamu, mwaka 2013, yenye tundu la mraba katikati, ina herufi nne tu: Yongle tongbao, "sarafu ya Yongle". Neno Ming halimo.

Kwa hiyo, kijana wangu, wageni wakija tena waambie "mfalme wa Ming". Hiyo "wa" moja inatosha, na simulizi yako iliyobaki usiiguse, hasa pale pa twiga wa Malindi aliyepelekwa China.